Mhariri, ndoo haigeuki chuma hata uichovye iodini

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi. Mimi ni mwalimu wa kemia huku Tanga, gazeti lenu nalisoma kwa muuza kahawa maana pale linanunuliwa moja tunalisoma watu kumi, na barua hii naiandika kwa sababu ile makala yenu ya "plastiki inayopitisha umeme" imenitia hasara ya chupa mbili za iodini na Jumamosi nzima.

Ilikuwa hivi. Hadithi yenyewe mwandishi wenu kaieleza vizuri tu, sina ugomvi nayo. Mwaka 1967 kwenye maabara aliyokuwa akifanya kazi Hideki Shirakawa kule Tokyo mtafiti mgeni akakosea kipimo, akaweka kichocheo mara elfu ya kinachotakiwa, badala ya unga waliouzoea wa plastiki iitwayo polyasetilini ikatoka ngozi nyembamba inang'aa kama ile karatasi ya ndani ya pakti ya sigara. Miaka ikapita, Shirakawa akakutana na Alan MacDiarmid, akamfuata Pennsylvania, wakaungana na Alan Heeger, ile ngozi wakaipitisha kwenye mvuke wa iodini na mwaka 1977 wakatangaza kwamba upitishaji wake wa umeme umepanda mara mamilioni. Mwaka 2000 wote watatu wakapewa Nobel ya kemia. Sawa kabisa. Kilichonimaliza ni sentensi ya mwisho, kwamba kwa hiyo plastiki ikichovywa iodini inageuka chuma. Plastiki! Hakusema plastiki gani.

Sasa vijana wangu wa kidato cha tano si wamesoma? Jumamosi nafika shule kusahihisha madaftari nawakuta wameshakaa maabara, wana kipande cha ndoo iliyopasuka, mfuko wa rambo, kipande cha bomba la PVC, na tincha ya iodini chupa mbili wamechanga hela wakanunua duka la dawa (hela wakanidai mimi baadaye, eti mwalimu ni jaribio la somo lako, nikalipa). Wakachovya kile kipande cha ndoo, wakagusisha nyaya mbili za mita, mshale ukaruka. Kelele hizo! Mwalimu wa hesabu alikuwa anapita nje ikabidi achungulie dirishani. Mmoja ameshaanza kusema tutauza nyaya za ndoo.

Nikawaambia futeni. Wakafuta kwa kitambaa, wakaanika juani robo saa, wakapima tena, mshale umelala fofofo. Kilichokuwa kinapitisha umeme ni ile dawa yenyewe ikiwa mbichi, maana tincha ina chumvi ya iodaidi ndani na ayoni zake zinaogelea, ndoo haikuhusika hata kidogo. Nyuso zikawanywea. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, kwa hiyo gazeti limedanganya?" Nikamwambia halijadanganya, limeacha kitu. Na hicho kilichoachwa ndo nataka kukisema, maana kwa maoni yangu ndicho kitamu kuliko hiyo ajali na hiyo Nobel.

Kwanza ndoo. Ndoo ni polithini, kaboni zimeshikana kwa bondi mojamoja mwanzo mpaka mwisho, kila elektroni imefungiwa ndani kwake na mlango umepigiliwa misumari, hata ukiita iodini ya nchi nzima hamna atakayetoka. Polyasetilini ni mtu mwingine. Mnyororo wake una bondi moja, bondi mbili, moja, mbili, hivohivo mpaka mwisho, na elektroni za zile bondi mbili hazikai sehemu moja, zimesambaa mnyororo mzima kama wapangaji wanaotumia korido moja. Mnyororo wa namna hiyo ndo unaitwa polima konjugeti. Iodini ikija inanyakua elektroni chache pale koridoni, pakipatikana nafasi waliobaki wanaanza kusogea, na kusogea kwao ndo umeme. (Kwa kupita tu: lile bomba la PVC lililokaa juani miaka mpaka likawa manjano, ile manjano ndo dalili kwamba limepoteza klorini na haidrojeni zake na vipande vya moja-mbili-moja-mbili vimeanza kuota ndani yake. Vijana walilipenda hilo kuliko Nobel.)

Sasa polyasetilini yenyewe, Mhariri, iko wapi? Umeiona dukani? Hamna. Haiyeyuki kwenye kimiminika chochote, ukiipasha haiyeyuki vilevile, hewa inaila, ukiiacha mezani inaharibika. Mngeishia hapo mwaka 1977 mngekuwa na kitu cha kuwekwa kwenye kabati la kumbukumbu. Kilichoifanya hii elimu iingie kwenye bidhaa ni kazi ya watu waliokuja kujua kwamba mnyororo sio kila kitu, kuna vile vikundi vidogo vinavyoning'inizwa pembeni mwa mnyororo. Mkufu ni mkufu, lakini mwanamke wa hapa Pwani anajua sonara anaulizwa vidani. Ning'iniza oksijeni hapa, siyano pale, fluorini kule, mnyororo uleule unabadilika rangi, unabadilika volti, unayeyuka au hauyeyuki, unavumilia hewa au hauvumilii. Na hamna hata kimoja katika hivyo kilichotokea kwa bahati, ni watu walikaa wakapiga hesabu.

Ngoja nitoe mfano ambao kila nyumba huku inao. Mwaka jana tulikuwa na khitma nyumbani, kijana wangu akamwagikiwa mchuzi wa samaki kwenye kanzu nyeupe, mchuzi wenyewe umekolea bizari ya manjano. Doa la njano kifuani. Mtoto wa kiume huyo, akaona aibu, akaingia uani na sabuni ya mche akaanza kusugua. Ghafla doa likawa jekundu, jekundu la kutisha, akatoka mbio anasema mama kanzu inatoka damu. Mama yake hata hakusimama, akakata ndimu akakamulia juu ya doa, likarudi njano. Wanawake wote pale wakacheka maana wao wanajua tangu wadogo. Nikaulizwa mimi mwenye digrii kwa nini linageuka, na hapo hapo nikajua nimepata somo la mwezi mzima.

Rangi ya manjano inaitwa kukumini. Ni molekuli yenye mnyororo wa moja-mbili-moja-mbili katikati, na kila upande ina pete ya benzini (kaboni sita zilizoshikana duara) iliyovaa vidani viwili, kimoja methoksi (oksijeni iliyobeba kaboni) kingine haidroksili (oksijeni na haidrojeni). Sio polima, ni fupi, lakini tabia ni ileile. Sabuni ni alkali, inaing'oa ile haidrojeni ya kidani cha haidroksili, oksijeni inabaki na elektroni zote mkononi na inaanza kuzisukumia ndani ya mnyororo kwa nguvu kuliko mwanzo. Mnyororo haujaguswa, kaboni ni zilezile, kilichobadilika ni kidani tu, na rangi imehama kutoka njano kwenda wekundu. Ndimu inarudisha haidrojeni, rangi inarudi. Mhariri, hapo ndo kuna siri yote ya maabara kubwa za Ulaya na China, iko uani kwetu kwenye beseni.

Kwa nini rangi ihame? Chukua nyumba ya ghorofa ya kupangisha. Elektroni zinajaza vyumba kuanzia chini, wawiliwawili. Kuna chumba cha juu kabisa chenye wapangaji, juu yake kuna chumba cha kwanza kilicho kitupu, na baina yao pengo. Mwanga ukija na nguvu inayotosha lile pengo mpangaji anapandishwa, na mwanga wa namna hiyo unamezwa, macho yetu yanaona uliobaki. Mwanga tunaouona sisi unaanzia kama elektronivolti (kipimo cha nguvu kwa vitu vidogo kama elektroni) 1.7 kwa wekundu mpaka kama 3.1 kwa zambarau. Kidani kinachosukuma elektroni kuingia kwenye mnyororo kinainua vyumba, na mara nyingi kinakiinua kile chenye wapangaji kuliko kile kitupu, kwa hiyo pengo linapungua. Kidani kinachovuta kinavishusha. Mchezo wenyewe ndo huo, kuinua na kushusha vyumba bila kubomoa nyumba.

Sasa tuingie kwenye polima zenyewe. Mwaka 1990 pale Cambridge, Uingereza, kundi la Richard Friend na wenzake walichukua polima inayoitwa PPV, pete ya benzini, bondi mbili, pete ya benzini, bondi mbili, wakaibana katikati ya elektrodi mbili, wakaipa umeme ikatoa mwanga. Taa ya plastiki! Pengo lake ni kama elektronivolti 2.5 na mwanga wake ulikuwa wa kijani kinachoelekea njano. Shida ikawa kwamba PPV iliyo uchi haiyeyuki, inabidi utengeneze kwanza kitu kingine kinachoyeyuka, ukipake, ukichome ndo kigeuke PPV. Kazi ya fundi muashi hiyo. Kwa kuning'iniza vidani viwili kwenye kila pete, kimoja methoksi, kingine chenye mkia wa kaboni uliogawanyika matawi nao umeshikiliwa na oksijeni, watafiti wengine wakapata MEH-PPV, na hapo mambo mawili yakatokea kwa mpigo. Mkia unaifanya iyeyuke, unaipaka kama vanishi. Na zile oksijeni zina elektroni za akiba, zinazisukumia kwenye pete, chumba chenye wapangaji kinapanda, pengo linashuka mpaka kama 2.1, mwanga unakuwa wa rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu. Ni doa la kanzu tena, tofauti hapa sabuni imeshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa.

Ikabaki shida nyingine na hii naipenda maana ni shida ya fundi sio ya profesa. Ili taa iwake lazima elektroni ziingie kwenye kile chumba kitupu kutoka kwenye chuma upande mmoja. Chumba kitupu cha PPV kiko juu mno, kwa hiyo ilibidi watumie chuma chenye mkono mwepesi wa kutoa elektroni, yaani kalisiamu. Kalisiamu, Mhariri! Kitu kinachooza kwa unyevu. Hapa Tanga ukiiacha wazi asubuhi sijui kama utaikuta adhuhuri. Wengine wangetafuta njia ya kuifunika kalisiamu, na kweli walitafuta, lakini mwaka 1993 kundi lilelile la Cambridge likaenda kwenye vidani. Wakaweka siyano, kaboni na naitrojeni zilizoshikana kwa bondi tatu, mvutaji mkali kwelikweli, pale kwenye ile bondi mbili iliyo katikati ya pete na pete. Chumba kitupu kikashuka, na taa ikawaka vizuri hata kwa alumini. Alumini hii ya sufuria. Yaani badala ya kupanda ngazi kumfuata mpangaji, wao wakateremsha nyumba.

Na ugonjwa wa hizi PPV mnaujua? Ni ule wa kanzu. Mama akishindwa na doa la manjano anaianika kanzu juani, siku mbili tatu doa limefifia lenyewe, kwa sababu jua na oksijeni vinakata ule mnyororo wa moja-mbili. PPV nayo ukiiwasha penye hewa inakatika hivohivo. Kinachomfurahisha mama uani ndicho kinachomliza mtu wa maabara.

Polithiofeni sasa, pete zenye salfa. Uchi haiyeyuki, hadithi ni ileile. Wakaning'iniza mkia wa kaboni sita, heksili, kwenye kila pete, wakapata P3HT, inayeyuka kwenye kloroformu, safi. Ila hapa ndo watu walijifunza kwamba sio kidani gani tu, ni kidani wapi. Ile pete yenye mkia sio sawa pande zote mbili, ina upande wenye mkia jirani na upande usio na mkia. Ukiziunganisha ovyo kuna mahali mikia miwili inakutana uso kwa uso, na hapo ni kama watu wawili wanene kwenye siti moja ya daladala, lazima mmoja akae upande. Pete ikipinda upande elektroni hazipiti vizuri pale kwenye kona, korido imepindishwa, na pengo linapanuka. Mwaka 1992 makundi mawili ya Marekani, la Richard McCullough pale Carnegie Mellon na la Reuben Rieke kule Nebraska, kila mmoja kwa njia yake wakapata namna ya kuunganisha pete zote zikielekea upande mmoja, kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, kama watoto wa chekechea wameshikana mabega. Atomi zilezile, idadi ileile, mikia ileile! Lakini mnyororo ukalala bapa, minyororo ikapangana kama mikeka dukani, rangi ikakolea zambarau, na umeme ukapita vizuri zaidi kwa mbali. Mtu akikwambia mpangilio ni urembo tu mwonyeshe hiyo.

Wajerumani wa kampuni ya Bayer mwishoni mwa miaka ya 1980 walifanya tofauti. Pete yao ya thiofeni waliivalisha oksijeni mbili zilizofungwa kwa daraja dogo la kaboni mbili, ikaitwa EDOT, na polima yake PEDOT. Hizo oksijeni zinafanya kazi mbili. Zinasukuma elektroni, kwa hiyo polima inakuwa rahisi kunyang'anywa elektroni na ikishanyang'anywa inatulia hivohivo, haigombani na hewa. Pili zimeziba zile kona mbili za pete ambako minyororo mingine hupenda kuchipua matawi, mnyororo unakwenda moja kwa moja. Wakaichanganya na polima nyingine yenye tindikali, PSS, ikakubali kukaa kwenye maji, unaipaka kama rangi ya ukuta, inatoka utando wa bluu mwepesi unaona mpaka upande wa pili. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kwenye filamu za picha, kuondoa ule umeme tuli unaovuta vumbi na kupiga cheche. Yaani wale wazee wa studio waliokuwa wanasafisha filamu chumba cha giza huenda wameishika hii kitu mikononi bila kujua. Mkitaka plastiki ya kupitisha umeme iliyoingia sokoni kweli, Mhariri, andikeni PEDOT, msiandike polyasetilini.

Nimefika kwenye fluorini na hapa naomba univumilie kidogo maana hapa ndo palipo na aibu yangu. Mada ya vidani kwenye pete ya benzini nimeifundisha miaka kumi na tisa. Methoksi anasukuma, naitro anavuta, huyu anaelekeza hapa, yule anaelekeza pale, karirini, swali la nne linatoka hapo. Mwanafunzi akiuliza hii ya nini nasema ya mtihani. Namba zenyewe zimekuwepo tangu mwaka 1937, Louis Hammett wa Chuo Kikuu cha Columbia alipima nguvu ya kila kidani akaipa namba, hasi kwa wanaosukuma, chanya kwa wanaovuta. Kidani kikikaa mkabala, yaani upande wa pili wa pete, amino ni −0.66, methoksi −0.27, siyano +0.66, naitro +0.78. Mimi nilikuwa naziandika ubaoni kama bei za nyanya na napita.

Sasa tazama fluorini. Ikikaa mkabala ni +0.06 tu, karibu sifuri. Ikisogea nafasi moja ni +0.34. Atomi moja hiyohiyo! Sababu ni kwamba fluorini ina mikono miwili inayogombana, mmoja unavuta kupitia bondi yenyewe kwa sababu ina uchu wa elektroni kuliko elementi yoyote, na mwingine unarudisha elektroni kwenye korido kwa sababu ina za akiba. Ikikaa mkabala, mkono unaorudisha unafuta karibu kazi yote ya unaovuta, ikisogea yule anayevuta anashinda. Nilikuwa naona ni usumbufu tu wa kuwachanganya watoto.

Kumbe watu wa sola za plastiki wanaishi humo. Kwenye sola ya aina hiyo kuna mtoaji na mpokeaji wa elektroni, na volti unayopata inategemea umbali kutoka chumba chenye wapangaji cha mtoaji mpaka chumba kitupu cha mpokeaji. Ukitumia wasukumaji kupunguza pengo, polima inameza mwanga mwingi, sawa, lakini umekiinua chumba cha wapangaji, umbali umepungua, volti imeshuka. Mkono mmoja unatoa mwingine unanyang'anya. Fluorini inasaidia kwa sababu inavishusha vyumba vyote viwili kwa pamoja, pengo haliguswi sana, mwanga bado unamezwa, volti inapanda. Na ni ndogo mno, imeizidi haidrojeni kidogo tu, haimsukumi jirani yake kwenye siti, mnyororo unabaki bapa. P3HT ilipochoka kwenye asilimia 4 au 5 hivi ya nguvu ya jua kugeuzwa umeme, mwaka 2010 ikatoka PTB7, mnyororo wenye fluorini moja na esta moja (kikundi kingine kinachovuta) zimekaa jirani kwenye kipande kimoja, ikafika asilimia 7.4. Mwaka 2019 kundi la Yingping Zou kule Changsha, China, likaleta mpokeaji anayeitwa Y6, yeye sio polima ni molekuli, mwishoni mwake kavaa fluorini nne, wakamuoanisha na polima PM6 ambayo nayo ina fluorini zake, ikatoka asilimia 15.7. Sasa hivi maabara zimepita 18. Fluorini, ileile tunayoitaja kwenye dawa ya meno.

Ila tafadhali msije mkaandika wiki ijayo kwamba sola za silikoni zimekwisha. Hazijakwisha. Paneli ya silikoni iliyo juu ya bati la jirani yangu inavumilia jua miaka na miaka, hizi za plastiki uvumilivu bado ni kilio, na asilimia ninazotaja ni za vipande vidogo vya maabara. Na kioo cha simu ya OLED, kile ambacho kila nukta inajiwakia yenyewe, mara nyingi ndani yake sio polima, ni molekuli fupifupi, ingawa kuning'iniza vidani ili upate nyekundu hii na sio ile ni kulekule. Nasema haya mapema maana nawajua vijana wangu, nikiandika "sola" wanatokea na makopo.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, hapo Ethiopia, wamekuwa wakitengeneza polima hizi na kuandika tafiti pamoja na wenzao wa Chalmers na Linköping kule Sweden, minyororo yenye pengo dogo kwa ajili ya sola. Hawakuanza na mashine za mabilioni. Kazi ya kuning'iniza kidani ni kazi ya chupa, joto, kuchuja na subira, ndo maana mkemia wa kwetu anaiweza. Makala yenu ingewataja hata kwa mstari mmoja, kijana wa Korogwe akajua kuna mtu wa Afrika Mashariki anafanya hiki kitu, ingekuwa imefanya kazi kuliko zile picha tatu za medali ya Nobel.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwanza rekebisheni ile sentensi. Andikeni hivi mkitaka: baadhi ya plastiki, zile zenye bondi moja na mbili zinazopishana mnyororo mzima, zikinyang'anywa elektroni na iodini au kitu kingine zinapitisha umeme, na tabia zake zinarekebishwa kwa vikundi vinavyoning'inizwa pembeni. Maneno kama thelathini tu, yanaingia chini ya tangazo lolote la nyumba inauzwa. Pili, mkipata nafasi mwambieni huyo mwandishi aandike sehemu ya pili. Asianze na Nobel, aanze na kanzu, nampa ruhusa hadithi yangu aitumie ila asimtaje kijana, ameshakuwa mkubwa anaona haya.

Mimi huku nimeshabadilisha. Jumamosi iliyofuata nilikuja na bizari, spiriti, majivu ya kuni yaliyolowekwa na kuchujwa, na ndimu. Kila meza glasi tatu. Wakachora molekuli ubaoni, wakaonyesha kwa mshale wapi haidrojeni inang'oka na elektroni zinaelekea wapi, alafu ndo wakaruhusiwa kumimina maji ya majivu. Yule aliyeniuliza kama gazeti limedanganya akachora PPV pembeni, akafuta haidrojeni mbili akaweka methoksi, akageuka akasema, "Hii itahamia kwenye nyekundu, mwalimu." Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilitoka nje kidogo nikajifanya naangalia mvua.

Kile kipande cha ndoo bado kipo dirishani maabara. Kimenywa iodini kimekuwa kahawia, tumekisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa spiriti, hakitoki. Mita ikigusishwa, kimya.

Wako,
Mwalimu wa kemia, Tanga